Furaha ya Malaika na Hiari ya Binadamu: Nafasi ya Malaika kama Mhusika katika Simulizi za Kikristo

Utangulizi

Mwalimu wa fasihi katika shule zetu za upili hukutana na malaika mara nyingi kuliko anavyodhani. Hukutana naye katika insha za wanafunzi, ambamo malaika hujitokeza katika aya ya mwisho ili kumnusuru mhusika aliyekwisha kukwama. Hukutana naye katika michezo ya Krismasi, katika nyimbo na katika mahubiri. Hata hivyo, mwanafunzi anapotakiwa kumweleza malaika kama mhusika wa kifasihi, majibu huwa ni yale yale: ni mhusika msaidizi, ni mhusika bapa, anawakilisha wema. Majibu haya si ya uongo, lakini hayamfikishi mwanafunzi mbali. Yanamwachia jina la kikapu bila kumwonyesha kilichomo.

Makala haya yanajadili swali moja. Je, malaika wa simulizi za Kikristo ana haja gani na wokovu wa binadamu, na haja hiyo inamruhusu kufanya nini? Hoja yetu ni kwamba malaika huyu anautamani wokovu wa binadamu kwa dhati, na maandishi yenyewe yanasema hivyo waziwazi. Lakini karibu kila mara msimulizi humnyima uwezo wa kuamua kwa niaba ya binadamu. Pengo lililopo baina ya hamu na uwezo ndilo linalozaa taharuki katika simulizi hizi, na ndilo linalomfanya malaika astahili kuhakikiwa badala ya kupitwa tu kama pambo.

Tutajikita zaidi katika Injili ya Luka na Matendo ya Mitume, vitabu viwili ambavyo mapokeo yanavinasibisha na mwandishi mmoja, na ambavyo vimesheheni malaika. Baadaye tutalipima dai letu kwa kisa cha Lutu katika kitabu cha Mwanzo, kisha tutaigeukia tamthilia ya Christopher Marlowe iitwayo Doctor Faustus. Tunaisoma Biblia hapa kama simulizi. Mwalimu Mwislamu, Mkristo, au asiyefuata dini yoyote anaweza kuufuata mjadala huu bila kuulizwa anaamini nini.

Neno na Mzigo Wake

Ni vyema tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kililipokea neno malaika kutoka Kiarabu, na Waswahili walimjua Jibrili katika tenzi zao muda mrefu kabla ya Biblia kutafsiriwa kwa lugha hii. Baada ya kulipokea, wasemaji walilipanua. Mtoto mchanga huitwa malaika kwa kuwa hana dhambi. Mpenzi pia huitwa malaika. Hata vinywele laini vya mwilini, vile vinavyosimama mtu anapopigwa na baridi au hofu, huitwa malaika. Maana hizi zote zinaelekea upande mmoja: usafi, wepesi, ulaini.

Mzigo huu wa maana una faida na hasara zake. Faida ni kwamba mwanafunzi anafika darasani akiwa na hisia nzuri kuhusu mhusika huyu. Hasara ni kwamba hisia hizo zinaficha kazi yake. Neno la Kigiriki angelos na la Kiebrania mal'akh, ambayo ndiyo yaliyotafsiriwa malaika katika Biblia, yana maana ya mjumbe. Hayasemi lolote kuhusu ulaini. Yanataja kazi: kutumwa, kufikisha, kurudi. Tena maneno hayo mawili hutumika pia kwa mjumbe wa kawaida, binadamu aliyetumwa na binadamu mwenzake. Waswahili wana msemo kuwa mjumbe hauawi, na sababu yake yafahamika: ujumbe si wake. Ukimfikiria malaika kama mjumbe kwanza, maswali ya kihakiki yanajitokeza yenyewe. Ametumwa na nani? Ametumwa kwa nani? Amepewa mamlaka kiasi gani? Na baada ya kufikisha ujumbe, je, anaruhusiwa kubaki?

Msaidizi au Mtumaji?

Mhakiki Mrusi Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano uliochapishwa mwaka 1928, aliwagawa wahusika kwa kuangalia kazi wanazozifanya katika hadithi. Miongoni mwa kazi hizo alitofautisha ile ya msaidizi, anayemwezesha shujaa kutimiza jambo lililomshinda, na ile ya mtumaji, anayemfanya shujaa aondoke nyumbani na kuingia safarini. Tofauti hii ni muhimu kwetu. Wanafunzi wengi humweka malaika katika kapu la msaidizi. Tukisoma kwa makini tutaona kwamba mara nyingi zaidi anafanya kazi ya mtumaji: anamfungulia binadamu safari, kisha anaondoka.

Kuna pia suala la utatuzi wa migogoro. Katika tamthilia za Wagiriki wa kale, mungu aliweza kuteremshwa jukwaani kwa mtambo ili kufumbua fumbo lililowashinda wahusika. Aristotle aliikosoa tabia hiyo akisisitiza kwamba utatuzi wa msuko uchipuke kutoka ndani ya msuko wenyewe. Insha ya mwanafunzi inayomleta malaika katika aya ya mwisho ina dosari hiyo hiyo. Je, nazo simulizi za Biblia zina dosari hii? Tuzitazame.

Malaika Anayesubiri Jibu

Katika sura ya kwanza ya Luka, malaika Gabrieli anatumwa mara mbili. Kwanza anamtokea kuhani Zakaria hekaluni na kumpasha habari kwamba mkewe Elisabeti, aliyekuwa tasa na mwenye umri mkubwa, atazaa mtoto. Zakaria anatilia shaka, naye anafanywa bubu hadi siku ya kutimia kwa neno hilo. Kisha Gabrieli anatumwa Nazareti kwa msichana Mariamu. Mariamu naye anauliza swali. Msomaji ambaye ametoka kuona yaliyompata Zakaria anashikwa na wasiwasi: je, huyu naye atafanywa bubu? Hafanywi. Anajibiwa kwa ufafanuzi, kisha anakubali kwa kauli yake mwenyewe, na hapo ndipo msimulizi anapotuambia kwamba malaika akaondoka.

Mpangilio wa matukio hapa si wa bahati. Malaika haondoki kabla ya jibu kutolewa. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 12, aliliona jambo hili katika mahubiri yake juu ya sura hii. Anaisimamisha hadithi baina ya maneno ya malaika na jibu la msichana, na kumwonyesha malaika akingoja, pamoja na ulimwengu wote ukingoja. Hii ni taharuki ya hali ya juu, na imejengwa kwa kumzuia malaika. Kama Gabrieli angekuwa na uwezo wa kulitimiza jambo lile bila idhini ya msichana, kusingekuwa na cha kungoja.

Mbinu hiyo hiyo inajirudia katika sura ya pili. Malaika anawatangazia wachungaji, jeshi la mbinguni linasifu, kisha wote wanarudi mbinguni. Usiku unabaki kama ulivyokuwa. Wachungaji ndio wanaoshauriana wao kwa wao na kuamua kwenda Bethlehemu. Malaika hawawasindikizi. Mwelekeze mwanafunzi autafute mstari ambapo malaika anaondoka, kisha amuulize msimulizi: ni nani sasa anayelisukuma tukio mbele?

Furaha Mbele ya Malaika

Sehemu iliyo wazi zaidi kuhusu hisia za malaika ni sura ya 15 ya Luka. Mafarisayo na waandishi wananung'unika kwa kuwa Yesu anawapokea wenye dhambi na kula nao. Anawajibu kwa mifano mitatu: kondoo mmoja aliyepotea kati ya 100, sarafu moja iliyopotea kati ya 10 (ambazo tafsiri ya Union inaziita shilingi), na mwana mmoja aliyepotea kati ya wawili. Zingatia jinsi hesabu inavyopungua huku uzito wa hasara ukiongezeka.

Mfano wa kwanza unamalizika kwa kutaja furaha mbinguni. Wa pili unamalizika kwa furaha mbele ya malaika wa Mungu kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja anayetubu. Wapo wafasiri wanaosema kwamba kauli hiyo ya pili ni njia ya heshima ya kuitaja furaha ya Mungu mwenyewe, inayoonekana mbele ya malaika wake. Hata tukikubali hivyo, malaika wamo ndani ya furaha hiyo kama majirani wa yule mwanamke walivyoalikwa kufurahi naye kwa shilingi isiyo yao.

Swali lililowashughulisha wanateolojia ni hili: kwa nini wafurahi? Kitu kilichopatikana si mali yao, na wokovu unaosherehekewa hauwahusu. Waraka kwa Waebrania, sura ya pili, unasema kwamba msaada huo haukutolewa kwa malaika bali kwa uzao wa Ibrahimu. Waraka wa pili wa Petro, sura ya pili, unaongeza kwamba malaika waliokosa hawakuachiliwa. Kwa hiyo malaika mwema anayetazama toba ya binadamu anatazama mlango uliofunguliwa kwa wengine, na ambao wenzake walioanguka hawakufunguliwa. Tungetarajia kijicho. Badala yake tunapewa furaha.

Majibu yaliyotolewa ni mengi. Augustino wa Hippo, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alieleza kuwa binadamu waliokombolewa wanajaza nafasi zilizoachwa wazi na malaika walioanguka. Hivyo furaha yao ni ya jamii inayoona viti vitupu vikipata wenyewe. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa la Roma kuanzia mwaka 590 hadi 604, aliisoma ile hesabu ya sarafu 10 kwa namna hiyo: tabaka za malaika ni tisa, na binadamu ndiye wa kumi. Bila yeye hesabu haikamiliki. Usomaji wa aina hii unaweza kumshangaza mwanafunzi wa leo, lakini ni usomaji wa kiishara ulio kamili, na unatoa jibu la kifasihi: malaika anafurahi kwa sababu hadithi ya binadamu ni sehemu ya hadithi yake.

Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya kwanza, unatupa taswira nyingine. Unasema mambo ya wokovu yaliyohubiriwa ni mambo ambayo malaika wanatamani kuyachungulia. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo ni kile kile kinachotumika katika sura ya 20 ya Yohana kwa mwanafunzi aliyeinama na kuchungulia ndani ya kaburi la Yesu. Tazama taswira hii, mwalimu msomaji: viumbe wa mbinguni wameinama, shingo mbele, wakijaribu kuona kinachoendelea duniani. Wako katika hali ya mtazamaji. Wako, kwa hakika, katika hali yetu sisi wasomaji, ambao hatuna la kumsaidia mhusika ila tunataka mno kujua mwisho wake.

Ndugu Mkubwa

Sasa turudi kwenye mfano wa tatu wa Luka 15, kwa kuwa hapo ndipo hoja yetu inapopata uzito. Mfano huu haumtaji malaika hata mara moja. Baada ya mifano miwili kumalizika kwa furaha ya mbinguni, msikilizaji anategemea kuisikia tena. Badala yake anaonyeshwa karamu, ngoma na vifijo, kisha mtu mmoja akiwa nje ya mlango: ndugu mkubwa, aliyetoka shambani, aliyekasirika na kukataa kuingia.

Mtazame ndugu huyu. Hakuwahi kuondoka nyumbani. Hakuwahi, kwa maneno yake, kuvunja amri ya baba. Anamtumikia baba miaka yote. Hizi ndizo sifa ambazo simulizi za Kikristo zinawapa malaika wasioanguka. Anasimama mahali pale pale wanaposimama malaika, naye anatazama tukio lile lile wanalolitazama, yaani kurudi kwa aliyepotea. Tofauti yake nao ni moja tu: wao wanafurahi kwa wokovu wasiouhitaji, yeye anahesabu mwana-mbuzi ambaye hakupewa.

Kwa usomaji huu, malaika wa mfano wa pili wana kazi kubwa katika muundo wa sura nzima. Wamewekwa hapo ili watupatie kipimo. Wanatuonyesha kwamba inawezekana kuwa mwema tangu mwanzo na bado kumfurahia aliyechelewa. Mafarisayo na waandishi waliokuwa wakinung'unika mwanzoni mwa sura wanapewa vioo viwili, malaika na ndugu mkubwa, wajitazame na kuchagua. Kinaya ni kwamba wanaojiona karibu zaidi na mbingu ndio wasioweza kufurahi pamoja nayo. Na msimulizi hatuambii kama ndugu mkubwa aliingia. Baba ametoka nje kumsihi, amesema lake, hadithi ikakatika. Si malaika wala baba anayemburuta ndani.

Malaika Asiyehubiri

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, malaika anamtokea akida Kornelio huko Kaisaria, yapata saa tisa ya mchana. Anajua sala na sadaka zake. Anajua pia jina la Petro, mji anamokaa, jina la mwenyeji wake, kazi ya mwenyeji huyo na kwamba nyumba iko kando ya bahari. Mwenye habari kamili kiasi hicho bila shaka angeweza kuueleza na ujumbe wenyewe wa wokovu. Haelezi. Anamwagiza Kornelio atume watu Yafa wakamwite Petro, kisha anaondoka. Watu watatu wanasafiri, na Kornelio anasubiri siku kadhaa kwa jambo ambalo lingeweza kumalizika katika dakika chache.

Kwa nini msimulizi achague njia ndefu? Jibu linapatikana upande wa pili wa safari. Petro, aliyelelewa kujitenga na watu wa mataifa mengine, alihitaji kubadilika pia, na maono ya ile shuka kubwa yalimjia mara tatu. Kama malaika angehubiri, Kornelio angepata alichohitaji, lakini Petro angebaki Yafa na mawazo yake ya zamani. Kwa kumfunga malaika mdomo, msimulizi anawakutanisha binadamu wawili. Hapa ndipo nadharia ya Propp inapotusaidia: malaika ni mtumaji, msaidizi ni Petro, na Petro mwenyewe anasaidiwa.

Katika sura ya 12 malaika anafanya zaidi. Petro yuko gerezani, amelala kati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili. Malaika anampiga ubavuni, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Lakini angalia anavyomwambia Petro ajifunge mshipi, avae viatu na ajitande vazi lake. Kile ambacho Petro hawezi, malaika anakifanya. Kile anachokiweza, anaachiwa. Wakishapita njia moja, malaika anatoweka. Petro anafika nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana, anabisha, na kijakazi Roda anaitambua sauti yake, lakini kwa furaha anakimbia ndani bila kufungua. Waliomo, ambao walikuwa wakimwombea, wanamwambia ana wazimu, kisha wanasema labda ni malaika wa Petro. Lango la chuma lilifunguka lenyewe, ilhali mlango wa marafiki unabishwa hadi wenyewe wafungue. Ni ucheshi, na ni ucheshi wenye hoja.

Usiwafiche wanafunzi ugumu uliomo katika sura hiyo. Mwanzoni mwake Yakobo ndugu yake Yohana anauawa kwa upanga, na hakuna malaika anayetajwa. Askari waliomlinda Petro nao wanaamriwa kuuawa. Msimulizi hatoi sababu. Mjadala mzuri wa darasani unaweza kuanzia kwenye ukimya huo.

Pingamizi: Mkono wa Lutu

Msomaji makini atatupinga kwa kisa cha Sodoma katika Mwanzo 19. Hapo malaika hawaishii kutangaza. Lutu anapokawia wanamshika mkono, yeye, mkewe na binti zake wawili, na kuwatoa nje ya mji. Je, huku si kuokolewa kwa nguvu?

Pingamizi hili ni la haki, na linatulazimu kulipunguza dai letu: malaika wa Biblia huweza kuushika mwili. Hata hivyo, tusome kisa hadi mwisho wake. Wakwe wa Lutu walionywa wakaona ni mzaha, na hakuna aliyewashika mkono. Mke wa Lutu alitolewa nje ya hatari, akageuka kutazama nyuma, akawa nguzo ya chumvi. Malaika walimshika mkono. Shingo yake iliachwa huru. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliliweka jambo hili katika kanuni: malaika anaweza kumshawishi binadamu na kumwamshia hisia, lakini hawezi kuigeuza hiari yake, hilo ni la Mungu pekee.

Aquinas huyo huyo aliuliza swali ambalo kila mwalimu wa fasihi angependa kuliuliza: je, malaika mlinzi huhuzunika anapoangamia yule anayemlinda? Jibu lake ni hapana, kwa sababu mapenzi ya malaika yanalingana kabisa na haki ya Mungu, na huzuni hutoka katika jambo lililo kinyume cha mapenzi ya mtu. Kwa hiyo malaika wake anafurahi bila kuhuzunika. Kiteolojia jibu hilo linajitosheleza. Kwa mtunzi wa drama ni tatizo kubwa, kwani mhusika asiyeweza kuumia ni vigumu kumpa uhai jukwaani.

Malaika Jukwaani: Doctor Faustus

Christopher Marlowe, aliyefariki mwaka 1593, alilikabili tatizo hilo. Tamthilia yake imetufikia katika matoleo mawili yanayotofautiana, la mwaka 1604 na la mwaka 1616. Msomi Faustus anamuuzia Lusiferi nafsi yake kwa miaka 24 ya uwezo na anasa. Malaika Mwema na Malaika Mwovu wanaingia pamoja, wanasema kwa zamu, wanatoka. Dhana ya malaika wawili kwa kila mtu ni ya kale. Inapatikana katika maandishi ya Kikristo ya karne ya pili yajulikanayo kama Mchungaji wa Hermasi.

Ukiwapima kwa vigezo vya kawaida, malaika hawa wawili ni wahusika bapa kabisa. Lakini tazama wanachokifanya. Hawamgusi Faustus. Hawana jingine ila maneno, na Malaika Mwovu ana maneno matamu zaidi kwa kuwa anaahidi utajiri. Faustus anapouliza kama amechelewa mno, Malaika Mwema anamjibu kwamba hajachelewa. Hapo matoleo yanatofautiana kwa kitenzi kimoja. Toleo la 1604 linaweka sharti la kuweza kutubu. La 1616 linaweka sharti la kutaka kutubu. Tofauti ya kuweza na kutaka inaigeuza tamthilia nzima. Katika toleo la kwanza tunajiuliza kama mtu huyu bado ana uwezo. Katika la pili mlango uko wazi na yeye ndiye anayeukataa. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini ni nani aliyeliua sikio?

Marlowe pia anamtumia malaika aliyeanguka kwa kinaya kikali. Mephistopheles, katika mazungumzo yao ya kwanza, anamweleza Faustus uchungu wa kuukosa uso wa Mungu na kumsihi aache maswali yake. Onyo zito kuliko yote linatoka kwa yule asiyekuwa na njia ya kurudi. Karibu na mwisho, katika matoleo yote mawili, anayesihi ni binadamu, mzee asiyetajwa jina, ambaye anasema anamwona malaika akielea juu ya kichwa cha Faustus na chombo kilichojaa neema, tayari kummiminia. Malaika huyo hamimini. Anangoja kuombwa, kama Gabrieli alivyongoja kujibiwa. Toleo la 1616 linaongeza tukio ambapo Malaika Mwema anarudi kumuaga Faustus kwa maneno ya huruma. Aquinas asingeliruhusu, lakini jukwaa lililihitaji.

Darasani

Mwalimu anaweza kuutumia mjadala huu kwa njia tatu. Kwanza, awape wanafunzi jedwali la safu tatu kwa kila kisa: malaika anasema nini, anatenda nini, na binadamu anatenda nini baada ya malaika kuondoka. Safu ya tatu ndiyo itakayojaa, na mwanafunzi atajionea mwenyewe.

Pili, katika kusahihisha, jibu linalosema tu kwamba malaika ni mhusika msaidizi lisipewe alama sawa na lile linaloonyesha mpaka wa msaada huo kwa ushahidi wa matini. Jibu linalosema malaika alimwokoa Kornelio halijasoma hadithi. Linalosema malaika alimtuma Kornelio kwa Petro limeisoma. Kipimo hicho kinawafaa pia wazee wenye busara, vikongwe na ndege wa ngano zetu, ambao humwelekeza shujaa njia kisha wakamwacha aende.

Tatu, katika utungaji, asimkataze mwanafunzi kumleta malaika katika insha yake. Amwombe amlete mapema, amruhusu kusema, kisha amwondoe kabla ya uamuzi. Insha itakayofuata italazimika kumfikiria mhusika mkuu kama mtu mwenye hiari. Jambo hili linavuka mipaka ya somo la Insha. Kijana aliyezoea hadithi ambazo wokovu unashuka dakika ya mwisho anafundishwa, polepole, kungoja. Na mwalimu anayemtakia kijana huyo mema anaijua hali ya malaika vizuri: amefundisha, ameonya, amesahihisha, na siku ya mtihani anatembea kati ya madawati akiona kalamu ya mwanafunzi imesimama kwenye swali analolijua, asiweze kuandika hata herufi moja kwa niaba yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba malaika wa simulizi za Kikristo si mungu wa mtambo. Anatangaza, anatuma, anafungua lango la chuma pale inapobidi, na kwa nadra anamshika mtu mkono. Lakini jibu la Mariamu, safari ya wachungaji, mlango wa Roda, shingo ya mke wa Lutu na toba ya Faustus vyote vimeachwa mikononi mwa binadamu. Hamu ya malaika ni ya kweli kwa sababu hana la kufaidi, na furaha yake ina thamani kwa sababu angeweza kukasirika kama ndugu mkubwa. Anayefundisha Luka 15 asiishie kwenye kumhukumu mwana mpotevu au kumsifu baba. Awapeleke wanafunzi nje ya mlango, kwa yule aliyebaki uani akiisikiliza ngoma, na awaombe waandike aya moja: je, aliingia?